Kuume ni Upande Gani

Nsimire, binti yangu, maman wangu,

Mvua imenifungia ndani, na wewe na mama yako imewafungia huko sokoni Kadutu, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini. Kesho asubuhi gari la chantier, la kazi ya barabara, litapita kukuchukua kwenda Kamituga, kama utapanda. Mambo ya chandarua, ya dawa ya malaria, ya nani umpigie simu mkifika Mwenga, mama yako ameyasema na kesho atayarudia ukiwa umeshaweka mguu mmoja garini. Hayo namwachia yeye. Mimi nina swali lako la jana mezani, ambalo nililijibu kama mtu anayekwepa dimbwi.

Nalirudia hapa lilivyokuwa, tusije tukabishana baadaye nani alisema nini. Tulikuwa tumetoka misa. Tonton Deo, mdogo wangu ambaye hutoa maoni bila kuombwa, alikuwa amekuja kukuaga. Akajipakulia sambaza, vile visamaki vya ziwani, mara ya pili, kisha akakuelekezea uma.

“Lakini Nsimire, bureau iko na mubaya gani? Banakupatia kiti, banakupatia ordinateur, unaandika rapport yako, mangaribi unarudia kwa maman. Chef yako alisema kweli: banamuke beko bazuri kwa maneno. Kupima mulima, leka banaume bafanye.”

“Deo, kula,” mama yako akasema.

“Niko nakula, belle-sœur. Nasema tu. Hata science inasema vile. Si njo, grand frère?”

Hukumjibu yeye. Ulinigeukia mimi.

“Papa, weye njo prof wa psychologie. Sema kweli. Kichwa ya mwanamuke inakosaka kitu kwa ile mambo ya plan, ao apana?”

Nikapangusa mdomo. Nikasema, “Maman, ile swali iko na pande mingi.”

“Sawa, prof,” ukasema, ukaanza kukusanya sahani.

Katika nyumba hii mimi naitwa Papa. Huniiti prof ila siku nikikuangusha, na jana nilistahili kuitwa hivyo.

Najua kwa nini ulitaka jibu fupi. Kampuni inayotengeneza barabara imeshakuajiri, hilo limekwisha. Lakini chef, mkuu wako wa kazi, amekuachia milango miwili. Ama ukaongoze kikundi kinachopima na kupiga vigingi vya barabara mpya upande wa Kamituga, ama ubaki ofisini hapa Bukavu uwe unaandika rapport, taarifa za kazi ya wenzako. Amesema utachagua kesho, gari likifika. Sababu yake ni mtihani wa maumbo aliowapa: picha ya vipande vya mbao, cube, vilivyoungana, halafu unaulizwa ni ipi kati ya picha nyingine inayoonyesha kitu kilekile kikiwa kimegeuzwa. Wanaume mliofanya nao walimaliza. Wewe muda ulikukuta katikati. Siku ile uliingia nyumbani, hukuvua hata koti. “Papa, ile bicube ilinishinda.” Mimi nikakupa chai, nikadhani chai inatosha.

Tangu siku hiyo begi lako limesimama mlangoni likiwa limefungwa. Mama yako ananiuliza kwa macho kama utapanda gari, nami namjibu kwa mabega. Hujatuambia.

Basi jibu. Ni kweli, tofauti ipo. Nisingependa uisikie kwa mtu mwingine ukadhani nilikuficha. Ukichukua wanaume wengi na wanawake wengi ukawapa kazi ile ya kugeuza maumbo kichwani, kwa haraka, wastani wa wanaume huwa juu. Jambo hilo limeonekana mara nyingi na mahali pengi. Ukiwapa watu haohao kazi ya kukumbuka maneno waliyosomewa, mara nyingi wastani wa wanawake ndio huwa juu. Na katika mambo mengine mengi ya akili utatafuta tofauti na kuikosa. Tofauti hizo zimetoka wapi, hapo ndipo wasomi wanapogombana. Wengine wanasema ni homoni tangu tumboni. Wengine wanasema ni michezo: mvulana tunampa mpira na vigari vya mbao, msichana tunampa mtoto wa kubeba mgongoni. Wengine wanasema ni vyote pamoja. Mimi nimesoma wa pande zote na bado sijui. Ninachojua ni kwamba anayejizoeza hupanda, awe mwanamume au mwanamke.

Sasa shika neno wastani, kwa sababu ndilo lililomwangusha chef wako. Wanaume wa mji huu, kwa wastani, ni warefu kuliko wanawake wake. Hakuna atakayebisha. Lakini wewe ukisimama karibu na Tonton Deo unauona upara wake wote, na yeye ndiye anayeinua kidevu ili akusalimu. Wastani haukumwongezea hata kidole. Na tofauti ya urefu kati ya wanaume na wanawake ni kubwa kuliko hiyo ya kugeuza maumbo! Kwenye akili, makundi hayo mawili yamelaliana kama pagne mbili, yaani vitenge, zilizokunjwa pamoja: sehemu kubwa ni moja juu ya nyingine, na kinachochomoza ni kidogo pembeni. Chef aliisoma habari ya kundi akadhani amekusoma wewe.

Angalia nyumba yetu wenyewe. Mama yako anafundisha coupe et couture, kukata na kushona, ile section ambayo wazazi wengi humpeleka binti wanayedhani hesabu zitamshinda. Umemwona tangu utotoni akikata pagne. Kitambaa kimekunjwa mara mbili, ndani kikiwa nje, na juu yake wamechorwa ndege. Inambidi aone kichwani mwake jinsi mkono wa blauzi utakavyogeuzwa, utakavyoshonwa, utakavyovaliwa, ili ndege wasije wakaning'inia miguu juu begani kwa mteja. Anayaona hayo yote huku analalamikia bei ya makaa. Hiyo ni ileile kazi ya kugeuza maumbo, Nsimire, ila hakuna mtu aliyewahi kuiita hivyo, kwa sababu inafanywa kwa mkasi na wanawake.

Mimi nilijaribu mara moja. Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Mama yako alikuwa na homa, na shati la mtu lilikuwa linangojewa, nikasema nitamsaidia kukata mikono tu, kitu gani cha ajabu? Nikapima vizuri, nikakata vizuri. Akaamka, akaviinua vile vipande viwili kwenye mwanga wa dirisha.

“Papa Nsimire, hii shati iko ya nani?”

“Ya yule muteja wako.”

“Basi umupigie simu, umuulize kama iko na mikono mbili ya kushoto.”

Alicheka mpaka homa ikashuka. Na mimi huyohuyo, mwanamume niliyezaliwa katika mji huu, bado napotea nikienda mtaa wa Panzi. Nani hunitoa? Ni wewe, kwa simu: “Papa, unaona nini mbele yako? Basi geuka.” Halafu ukitaka kujua maneno mengi ya nyumba hii yanatoka kinywani mwa nani, waulize majirani. Hawatakutajia mwanamke.

Nije kwenye pande za ubongo. Jana ulipokuwa jikoni na sahani zako, Tonton Deo alinitupia na hilo. “Kushoto ya kichwa njo ya akili, iko ya banaume. Kuume njo ya roho, iko ya banamuke. Niliona ku telephone.” Nilitaka kumcheka nikashindwa, kwa sababu picha ya namna hiyo niliwahi kuibandika mimi mwenyewe ukutani darasani kwangu. Mtu mmoja aliyekuja kutupa semina alituachia: kichwa kilichopasuliwa katikati kama parachichi, nusu ya kushoto, ya mwanamume, imejaa namba na rula, nusu ya kuume, ya mwanamke, imejaa maua na gitaa. Ilikuwa inapendeza. Wanafunzi waliinakili kwa kalamu za rangi. Niliifundisha kwa muda kabla sijaiondoa, na kilichonifanya niiondoe ni neno la kila siku.

Neno lenyewe ni kuume. Huku kwetu ndilo tunalotumia kwa upande wa kulia. Hata mtu wa moto, yaani pikipiki, unamwambia kata kuume, anakata. Sikiliza jinsi lilivyojengwa: ku-ume, kwa kiume. Na katika Kiswahili cha wazee wa pwani mkono wa pili, wa kushoto, huitwa mkono wa kike. Sasa siku moja nilikuwa nafundisha jinsi njia za ubongo zinavyopishana. Nikaandika ubaoni kwamba nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayouamuru mkono wa kuume, na nusu ya kuume inauamuru mkono wa kushoto. Chini yake nikaandika kwamba kwa watu walio wengi, lugha ina makao yake katika nusu ya kushoto, na kazi za kuona nafasi na maumbo huegemea zaidi nusu ya kuume. Nikarudi nyuma nisome nilichoandika, nikabaki na chaki mkononi.

Maana angalia. Mkono tunaouita wa kiume unaamriwa na nusu yenye maneno, na maneno ndiyo tunayosema ni kipaji cha wanawake. Mkono waliouita wa kike unaamriwa na nusu inayoegemea kwenye maumbo na nafasi, na hiyo ndiyo tunayosema ni kipaji cha wanaume. Na picha pale ukutani inasema tofauti na vyote viwili: imempa mwanamume kushoto na mwanamke kuume. Nyuma kabisa kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa Shabunda, mtu wa maneno machache. Akainua mkono.

“Prof, sasa banaume beko wapi?”

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Tulipomaliza kucheka niliibandua picha, na ukuta ukabaki na alama nne za gundi ambazo ziko pale mpaka leo.

Ukweli ni wa kawaida zaidi kuliko ile picha. Kila nusu ina kazi inazoziweza vizuri zaidi, hilo si uongo. Lakini kati yake kuna fungu nene la nyuzi, na nusu hizo hazinyamaziani hata dakika moja. Hakuna mtu mzima wa afya anayeishi upande mmoja wa kichwa chake, kama ambavyo hakuna anayetembea kwa mguu mmoja akiwa na miwili. Kuna waliosema kwamba kwa wanawake lugha imegawanywa pande zote mbili zaidi kuliko kwa wanaume. Wengine wakatafuta hilo wakaliona, wengine wakatafuta wasilione. Nataka nikuambie habari ya hilo, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwa uchungu.

Bibi yako alipopigwa na kiharusi, ulikuwa unakaribia kuingia secondaire. Kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wake wa kuume ukalala, na maneno yakalala pamoja nao. Alikuwa anatuelewa, macho yake yalikuwa yaleyale, lakini hakuweza kuomba hata maji. Na mimi nilikuwa nimesoma. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwaambia wote walioingia, “Atasema. Iko mwanamuke, banamuke beko na lugha pande mbili.” Nilimwambia mama yako, nikamwambia muuguzi, nikamwambia padri. Kila asubuhi nilimwinamia nikingoja aniite jina langu. Nilikuwa namngojea mwanamke wa kitabuni aamke, na aliyelala pale alikuwa mama yangu. Jina langu hakulitaja tena mpaka alipotuacha.

Wewe ndiye uliyegundua kitu kingine. Ulikuwa umekaa miguuni pake unamkanda, ukaanza kuimba taratibu ule wimbo wake wa Bikira Maria kwa lugha ya Kimashi, aliokuwa anauimba akipalilia maharage. Akadakia. Akaimba na wewe, maneno mazima, moja baada ya jingine, yeye ambaye hakuweza kusema maji. Mimi nikafurahi kama mwalimu. Nikaanza kukueleza kwamba wimbo wa siku nyingi haupiti njia ileile ya mazungumzo, kwamba nusu ya kuume ya ubongo ina sehemu yake katika muziki, kwamba…

“Papa,” ukasema bila kugeuka, “leka aimbe.”

Kuanzia siku ile, mtu akiletwa mbele yangu, namwangalia yeye kwanza ndipo nakumbuka vitabu. Jana mezani nilisahau. Niliviangalia vitabu kwanza.

Kwa hiyo sasa nikuangalie wewe. Kuna jambo la kijijini Miti ambalo familia yote inalisimulia kama kichekesho, na nadhani tumelisimulia vibaya miaka yote hii.

Ni siku ya komunyo yako ya kwanza. Bibi yako alitaka uipokelee Miti, katika kanisa lao dogo, ambako wakati ule wanaume walikuwa bado wanakaa upande wao na wanawake upande wao. Ukiingia mlangoni na kuielekea altare, wanaume wako mkono wa kuume. Bibi alikuwa amekuelekeza vizuri: ukishapokea, geuka, rudi kwa kupita kuume. Alikuwa na maana ya mkono wako wa kuume, kwenye ukuta wa wanawake, urudi kukaa naye. Ukapokea. Ukageuka na kiremba chako cheupe. Na mbele ya kanisa zima ukaenda moja kwa moja upande wa wanaume, ukapenya katikati ya magoti yao, ukakaa kati ya katekista na mzee mmoja mwenye fimbo, mikono umeifumba, macho umeyafunga, unasali.

Kanisa lilijitahidi kutocheka, likashindwa. Nje, baada ya misa, kila mtu alikuwa na lake.

“Mutoto wa prof hajuwe kuume na kushoto!”

“Ni musichana. Kichwa yabo haishikake njia.”

Bibi yako akakushika bega. “Nsimire, nilikuambia upite wapi?”

“Kuume.”

“Na weye ulipita wapi?”

“Kuume,” ukasema, ukishangaa. “Kwa banaume.”

Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo, aibu ya mtu anayefundisha mambo ya akili na mtoto wake hajui pande. Tulipokuwa tunashuka kwa miguu kuelekea barabarani nilikuuliza, kama mtihani, “Nionyeshe kuume.” Njia ilikuwa imeshakata kona mara kadhaa. Hukuangalia mikono yako. Ulisimama, ukafikiri kidogo, ukanyoosha kidole juu ya migomba, nyuma yetu, kwenye kanisa, na si kwenye kanisa tu: kwenye ule ukuta wake wa mbali, wa upande wa wanaume. Nikakuambia, “Apana, maman. Kuume ni mukono wenye kula.” Nikakufunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono huo. Ukauvaa mpaka ukakatika wenyewe.

Leo naliona tukio lile upya. Kuna njia mbili za kujua upande. Ya kwanza unaanzia mwilini mwako: mimi nikigeuka, kuume na kushoto vinageuka pamoja nami. Ya pili unaanzia mahali: mimi nikigeuka, mahali panabaki palepale. Hiyo ya pili ndiyo ya ramani. Ndiyo ya mtu anayesimamisha mashine ya kupimia juu ya miguu yake mitatu na kusema mlima hautembei, ninayetembea ni mimi. Wewe ulilisikia neno kuume, ukalisikia jinsi lilivyo, mahali pa wanaume, na ukalipigilia kwenye ramani iliyokuwa tayari kichwani mwako. Kisha ukaligeuza kanisa zima, na barabara ya kona nyingi, bila kulipoteza. Na vitabu vinavyopenda kugawa vinasema hiyo ya pili ndiyo njia wanayoielekea zaidi wanaume! Siku ileile watu waliposema kichwa cha msichana hakishiki njia, mtoto wa kiremba cheupe alikuwa anafanya kile wanachosema ni cha kiume, na baba yake mwenye vyeti alikuwa anamfunga uzi.

Sikuambii haya ili kukuambia una kichwa cha mwanamume. Huna. Una kichwa cha Nsimire, nami ndicho ninachojivunia, na sijui kama nimewahi kukuambia kwa maneno yaliyo wazi, mimi mwenye maneno mengi. Nilijivunia siku ulipotetea mémoire yako, andiko lako la kumaliza uhandisi, na kumwambia yule mwalimu mkali, kwa heshima kamili, kwamba mteremko aliokuwa anauzungumzia uko kwenye kilima kingine. Nilijivunia ulipokuwa kwenye stage, mazoezi ya kazi, unarudi nyumbani na matope mpaka magotini, unakula umesimama huku unamchorea mama yako juu ya meza, kwa kidole kilicholowa mchuzi, mahali maji ya mvua yatakapopita.

Sasa ule mtihani. Kuna kitu nilipaswa kukuuliza siku ile badala ya kukupa chai, na sikukuuliza mpaka leo asubuhi ulipokuwa unachota maji. Nilikuuliza, “Zile ulizofanya, ulikosa ngapi?” Uliniangalia kama nimeuliza upuuzi. “Sikukosa hata moja. Nilikuwa nahakikisha kwanza.” Ukaendelea kuchota. Wapo wanaosema kwamba muda ukiondolewa, ile tofauti ya wanaume na wanawake hupungua, wapo wasiokubali. Mimi nawaacha wagombane. Ninachokuomba ni kumweleza chef wako hilohilo ulilonieleza mimi kwenye bomba, kwa sauti ileile. Barabara ya kule inapita juu ya mito, na udongo wake unaujua kuliko mimi. Ningependa anayeipima awe mtu wa kuhakikisha kwanza.

Kuna jambo moja tu ninalokuonya, kwa sababu nimelitazama likiwapata wanafunzi wangu wa kike, wale hodari kabisa. Utakosea. Siku moja kigingi kitasimama pasipo pake na watu watachimba bure. Mwanamume akikosea kigingi, watasema Fulani amekosea kigingi. Wewe ukikosea, kuna atakayesema mnaona, wanawake. Siku hiyo usikubali kuwabeba wanawake wote mgongoni. Kosa litakuwa la kigingi. King'oe, kipige upya, uwape watu wako maji ya kunywa. Na siku utakapofanya vizuri, vilevile, usikubali wakuambie uko tofauti na wanawake wengine. Ni sifa yenye ukali ndani yake. Mama yako ameambiwa hivyo mara nyingi, na kila mara huniuliza nani hao wengine wanaosemwa.

Wala usiidharau kazi ya rapport kwa sababu Tonton Deo ameisifu. Una maneno pia. Uliyachukua kwangu, na sijutii. Kama ungechagua ofisi kwa kuipenda, ningekubebea begi mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Nisichotaka ni uichague kwa sababu ya wastani wa watu ambao hujawahi kuwaona.

Hapa niliacha kalamu, kwa sababu mmerudi. Nilisikia mlango, kisha sauti ya mama yako.

“Zivue kwanza! Unachafua saruji!”

“Maman, leka miguu izizoee.”

Halafu hatua nzito, kutoka mlangoni mpaka dirishani, na kurudi. Nikachungulia. Ulikuwa umevaa bottes za mpira, nyeusi, ndefu, za kiume, maana sokoni Kadutu hawaleti za namna hiyo za wanawake, na ulikuwa umejaza soksi mbele ya vidole. Ulikuwa unatembea sebuleni unapiga kisigino, unageuka, unapiga tena, umekunja uso kama mtu anayesikiliza injini. Hakuna mtu anayenunua bottes za namna ile akakae ofisini. Ukaniona.

“Papa, unaandika nini tangu ile saa?”

“Jibu.”

“Ya swali gani?”

Wala hukungoja. Ulikwenda jikoni unapiga kishindo, kumwonyesha mama yako kwenye beseni kwamba maji hayaingii.

Nitaikunja barua hii hata hivyo, na kesho nitakupa. Isome siku kazi itakapokuacha na nafasi. Naomba ikunyime nafasi hiyo kwa muda mrefu.

Mimi ninayekusikia ukicheka huko jikoni,

Papa